Mbao kando ya Ziwa Kivu: kilichokuwa nyumba ya maskini kimekuwa urembo wa tajiri, lakini mti unatoka wapi?

Kwa miaka mingi, Goma na Bukavu, nyumba ya mbao ilikuwa alama ya mtu ambaye amekosa feza ya simenti. Siku hizi mambo yanageuka. Ukipita na bwato karibu na ufuko, toka Himbi mpaka Kyeshero, ao upande wa Bukavu huko Muhumba na Nguba, unaona nyumba kubwa zenye balkoni za mbao, plafoni za mbao, hata ukuta mzima wa nje umefunikwa na mbao nyekundu iliyopakwa verni. Mtindo huo unaitwa wa kisasa, tena unaitwa rafiki wa mazingira.

Je, ni kweli? Mbao inaweza kuwa njia nzuri ya kujenga kando ya ziwa letu. Inaweza pia kuwa njia ya haraka ya kumaliza msitu wa Ituri na Walikale ili watu wachache wakae vizuri kwenye balkoni. Tofauti inatoka kwenye maulizo matatu: ni mti gani, umetoka wapi, na umekaushwa namna gani. Maulizo hayo hayahusu tajiri peke yake. Mama anayejenga chumba viwili Majengo ao Panzi ananunua mbao kwenye soko ile ile, na bei ikipanda, inapanda kwa wote.

Kwa nini Goma ilikuwa muji wa mbao

Tarehe 17 Januari 2002, volkano Nyiragongo ilipasuka. Lava ilishuka, ikapita katikati ya muji, ikafika mpaka ndani ya ziwa. Karibu watu 120,000 walibaki bila makao. Wengi walirudi kujenga juu ya ile lava yenyewe, na walijenga na mbao. Hawakufanya hivyo kwa kupenda urembo. Kuchimba msingi ndani ya lava ni kazi ngumu na ya bei kali. Nyumba ya mbao ni nyepesi: unapanga mawe ya lava chini, unasimamisha miti, unapiga mbao, unafunika na manjanja, na familia inalala ndani kabla ya mwezi kwisha.

Kuna faida ingine ambayo wakaaji wa Goma wanaijua vizuri. Nyumba ya mbao inaweza kupanguliwa na kubebwa. Mtu ambaye hana parseli yake mwenyewe, anayekaa kwa ruhusa ya mwenye kiwanja, anaweza kuondoka na nyumba yake. Katika jimbo ambalo vita inahamisha watu kila mara, hiyo si jambo ndogo.

Halafu kuna tetemeko la ardhi. Tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la nguvu ya 5.9 lilipiga Bukavu na upande wa Rwanda, watu walikufa na majengo yakaanguka. Baada ya Nyiragongo kupasuka tena tarehe 22 Mei 2021, ardhi ya Goma na Gisenyi ilitetemeka siku nyingi, na kuta nyingi za matofali zilipasuka. Meta kyubu moja ya betoni inapima karibu kilo 2,400. Ya eucalyptus kavu inapima kati ya kilo 600 na 900. Tena mbao inajipinda kidogo mbele ya kuvunjika, wakati ukuta wa matofali bila chuma ndani unapasuka na kuangukia watu. Ndiyo maana nyumba ya mbao iliyofungwa vizuri ni ya usalama zaidi siku ya tetemeko kuliko nyumba ya matofali iliyojengwa mbio mbio.

Kwa hiyo wale ambao walikuwa wanacheka nyumba za mbao za Goma walikosea. Shida ya nyumba hizo haikuwa mbao. Ilikuwa mbao mbichi, nyembamba, iliyowekwa chini kwenye unyevu, bila kulindwa, na nyumba zimebanana moja kwa ingine.

Mti wa pori na mti wa shamba

Kwenye depo za mbao, miti iko ya namna mbili kubwa. Kuna miti ya pori: libuyu, muvula, acajou. Ni mizito, ina rangi nzuri, mchwa hauipendi sana, na muvula inavumilia mvua na jua miaka mingi. Hiyo ndiyo inatafutwa kwa nyumba kubwa za kando ya maji. Kuna pia miti ya kupandwa: eucalyptus, grevillea, sipresi, pinusi. Hiyo inatoka kwenye vilima vya Masisi, Rutshuru, Lubero, Kabare, Walungu, na ndiyo imejenga sehemu kubwa ya muji.

Tofauti kati yao ni wakati. Eucalyptus inaweza kutoa miti ya kusimamisha nyumba kwa miaka 5 mpaka 8, na mbao nzuri kwa miaka 12 mpaka 20. Mtu anaipanda wakati mtoto wake anazaliwa, anaikata wakati mtoto anaingia iniversite. Libuyu kubwa ya pori imekomaa kwa zaidi ya miaka mia moja. Ukiikata leo, hata mjukuu wako hataona ingine ya ukubwa ule fasi ile.

Tena miti ya pori haifuatwi na sisi peke yetu. Mbao ya Mambasa na ya sehemu zingine za Ituri inapita Bunia kwenda Mahagi na Aru, ingine inapita Beni kwenda Kasindi, inaingia Uganda, na nyingi inaendelea mpaka Kenya. Wakati Kenya ilisimamisha kukata miti katika misitu yake ya serikali, mwezi wa Februari 2018, wafanya biashara wake walihitaji mbao ya nje zaidi. Nchi ingine ikilinda msitu wake, tronsoneze inaongezeka kwetu. Katika safari hiyo yote, mkaaji wa kijiji ambaye mti ulianguka nyuma ya nyumba yake ndiye anapata sehemu ndogo kabisa.

Sheria iko. Kitabu cha sheria ya misitu cha tarehe 29 Agosti 2002 kinaomba kila mtu anayekata miti kwa biashara awe na kibali. Agizo la tarehe 2 Agosti 2014 linaruhusu jamii za vijiji kuomba msitu wao wenyewe, mpaka hektari 50,000, na kuusimamia kwa faida yao. Walikale kuna vijiji ambavyo vimepita njia hiyo. Lakini tunajua namna barabara zetu ziko: vizuizi ni vingi, kila kizuizi kinataka kitu, na mwenye silaha hasomi kibali. Mbao ikifika Goma, ile ya kibali na ile ya wizi zinapangwa kwenye depo moja na zinafanana.

«Mimi najenga na simenti, sikati mti»

Hilo ni neno linalosikika sana, na ni neno la kujidanganya. Angalia chantier yoyote ya nyumba ya ghorofa. Betoni inamwagwa ndani ya mbao za kofraji. Ghorofa inashikiliwa na mamia ya miti ya eucalyptus. Fundi wanapanda juu ya shafodaji ya miti. Kazi ikiisha, mbao nyingi zinaenda kuwa kuni.

Matofali ya kuchoma ni mabaya zaidi. Tanuru moja inawaka siku kadhaa mfululizo na inakula magogo kwa magogo. Nyumba ya matofali unayoiona Bunia, Butembo ao Bukavu imekula miti mingi ambayo huioni tena, sababu imekuwa majivu. Katika nyumba ya mbao, mti uko mbele ya macho yako, unaweza kuuhesabu.

Simenti nayo ina bei yake kwa hewa ya dunia. Kutengeneza tani moja kunatoa karibu kilo 600 mpaka 900 za gesi ya kaboni, mbele hata ya kuipakia kwenye kamio ili ifike kwetu toka Uganda ao Rwanda. Mti unafanya kinyume: wakati unakomaa unavuta gesi hiyo, na karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni iliyofungiwa ndani. Ubao ukikaa ukutani miaka 50, kaboni hiyo inakaa hapo miaka 50. Lakini hesabu hiyo ni kweli tu kama mti mwingine umepandwa fasi ya ule uliokatwa. Bila kupanda, hakuna kitu cha kujisifia.

Tuseme ukweli pia juu ya mti gani unamaliza msitu. Katika Kongo, sababu kubwa ni mashamba ya kufyeka na kuchoma, pamoja na kuni na makala. Makala mengi yanayopika chakula Goma yametoka katika Pori la Virunga, ambalo linalindwa tangu 1925. Nyumba za mbao si adui wa kwanza. Lakini zinakata mahali ambapo mti mkubwa ulikuwa ungali umesimama, na barabara ya tronsoneze mara nyingi inafungulia njia mtu wa makala na mtu wa shamba.

Na vilima vikibaki uchi, ufuko ndio unalipa. Tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilishusha mito, mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe, pale pale kando ya ziwa. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Mvua ilikuwa kali, nyumba zilikuwa karibu sana na mito, na vilima vilikuwa na miti michache ya kushika udongo. Nyumba yoyote kando ya Kivu, ya mbao ao ya mawe, usalama wake unaanzia juu kwenye kilima.

Kukausha: kazi ambayo hakuna mtu anataka kungojea

Mti uliokatwa sasa hivi unaweza kubeba maji karibu nusu ya uzito wake. Ukiupigilia misumari ukiwa hivyo, utakauka ukutani: utajikunja, utapasuka, mlango utakataa kufunga, upepo wa ziwa utaingia kwenye nafasi. Watu wanasema eucalyptus ni mti mbaya. Mara nyingi mti hauna kosa. Umeuzwa mbichi sababu mwenye depo anataka feza ya haraka na mwenye kujenga anataka kuingia mbele ya mvua ya mwezi wa kenda.

Kukausha hakuombi mashine. Mbao inapangwa juu ya mawe, mbali na udongo, na vijiti vidogo kati ya kila ubao ili hewa ipite. Juu yake uzito fulani ili isijikunje, na manjanja ya kuzuia jua na mvua. Kwenye ncha unapaka rangi, sababu ndipo mti unaanza kupasukia. Mbao ya sentimita 2 na nusu inahitaji miezi 3 mpaka 6 hivi. Kujua kama imekauka, chukua kipande kimoja, kipime kila juma kwenye mizani ya soko. Siku uzito unaacha kushuka, mbao iko tayari.

Maji, mvua ya volkano na mchwa

Wale wanaojua mbao na maji kuliko wote hapa kwetu ni watengenezaji wa mabwato. Mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja na miti mirefu ya eucalyptus, ile inayovua sambaza usiku, inapigwa na mawimbi kila siku. Ubao wa bwato unaoza hasa pale ambapo maji yanaingia na kukosa njia ya kutoka. Nyumba ni vilevile. Mbao inayoloana na kukauka haraka inadumu. Mbao inayobaki na unyevu inaoza, hata ikiwa muvula.

Kwa hiyo nyumba nzuri ya mbao kando ya ziwa inatambulika kwa mambo madogo. Imesimama juu ya msingi wa mawe, sentimita 30 ao zaidi toka chini, ili matone ya mvua yasirukie ukuta. Paa imetoka nje sana, kama kofia ya mkulima. Chini ya sakafu hewa inapita. Kati ya mawe na mti kuna kipande cha bati kilichokunjwa, ili mchwa usipande bila kuonekana. Haya yote yanagharimu kidogo kuliko verni ya bei kali, na yanafanya kazi zaidi.

Ziwa letu halina chumvi, na hapo tuna bahati kuliko ndugu zetu wa Mombasa ambao hewa ya bahari inakula misumari yao. Lakini tuna Nyiragongo. Moshi wake unachanganyika na mvua na kuifanya kuwa na asidi, na kila mkaaji wa Goma ameona manjanja mapya yakipata kutu mbio. Misumari ya kawaida inaoza ndani ya ubao mzima, halafu ubao unaanguka. Nunua misumari na vis zilizopakwa zinki, hata kama unanunua kidogo kidogo.

Neno moja juu ya mafuta ya vidanje. Watu wengi wanapaka mbao na mafuta meusi yaliyotolewa ndani ya moteri, sababu ni ya bei ndogo na mchwa unaikimbia. Mafuta hayo yana metali za sumu. Mvua inayaosha, yanaingia kwenye udongo, yanashuka ziwani, na ziwani ndipo familia nyingi za Goma zinachota maji ya kunywa. Tena yanasaidia moto kushika. Kwa ndani ya nyumba, boraksi iliyochanganywa na maji ya moto inalinda mbao na wadudu, ila isiwekwe pale mvua inapiga. Kwa nje, mafuta ya kitani yanafaa, yakirudiliwa kila mwaka ao miaka miwili. Na mbao yoyote iliyopakwa dawa, mabaki yake yasiwe kuni za kupikia.

Moto: hapa hakuna urembo

Mitaa kama Kadutu, Bukavu, imeona nyumba zikiteketea kwa makumi katika usiku mmoja, na si mara moja. Mtu anayesema mbao ni nzuri bila kusema moto anadanganya watu.

Lakini tuangalie vizuri moto unafanya nini. Mti mnene unaungua polepole, chini ya milimita moja kwa dakika, sababu makala inayojitengeneza nje inalinda ndani. Ubao mwembamba wa sentimita 2, mkavu, wenye mafuta ya vidanje na karatasi za plastiki nyuma yake, unateketea kwa dakika chache. Halafu nyumba ya jirani iko kwa umbali wa mkono, kichochoro ni chembamba, na gari ya kuzima moto haina njia ya kuingia. Mara nyingi kinachoanza ni bougie iliyosahauliwa, mbabula ya makala, ao waya za umeme zilizofungwa na fundi wa njiani.

Dawa ya moto ni nafasi kati ya nyumba, jikoni ya mawe ao ya matofali ya udongo, ukuta wa mawe upande wa jirani, na umeme uliopitishwa ndani ya bomba. Mwenye villa ya Himbi ana bustani pande zote nne, moto wake hauendi kwa mtu. Familia ya Kadutu haina hata meta moja. Ndiyo sababu kusifu mbao bila kuzungumza juu ya viwanja ni kusifu mbao kwa matajiri.

Nani afanye nini

Mwenye kujenga nyumba kubwa ana nguvu kuliko anavyofikiri, sababu yeye ndiye depo inamsikiliza. Akiomba eucalyptus kavu ya Masisi ao ya Kabare kwa ukuta, na kuacha muvula kwa fasi chache tu zinazopigwa na maji, depo itaanza kukausha. Akiomba kibali cha mbao ya pori mbele ya kulipa, muuzaji atajua kwamba kuna mteja anayeuliza.

Mkulima naye ana kazi. Tangu 2007, shirika la WWF limesaidia watu wa pembeni ya Virunga kupanda miti kupitia mradi wa EcoMakala, kwa ajili ya kuni na makala. Mti ulionyooka na kungojewa miaka michache zaidi unaweza kuwa mbao, na mbao inalipa kuliko gunia la makala. Ila eucalyptus inakunywa maji mengi: isipandwe karibu na chemchemi. Na mwenye kipande kidogo asifunike chakula chake na miti. Grevillea kwenye mipaka ya shamba inatosha. Kuhusu mianzi, inayopandwa ni nzuri sana kwa plafoni na viti, lakini ile ya Kahuzi-Biega ni chakula cha sokwe, isiguswe.

Wakubwa wa muji nao waache kuhesabu kila nyumba ya mbao kuwa takataka ya kuondoa siku moja. Iko nyumba ya mbao mbaya, na iko nzuri. Kinachokosa ni kanuni nyepesi zinazoeleweka: urefu toka chini, unene wa mbao, umbali toka kwa jirani, jikoni mbali. Banki zilipofunga milango Goma mwanzoni mwa 2025, watu waliendelea kujenga na kile kilicho mkononi, na kwa wengi ni mbao. Afazali wasaidiwe kuijenga vizuri.

Mbele ya kulipa depo, uliza haya

Mti huu unaitwa nani, na umetoka kijiji gani? Kama ni wa pori, kibali kiko wapi? Ulikatwa mwezi gani, na umepangwa kwenye hewa tangu lini? Inua ubao mmoja: kama ni mzito kupita mwenzake wa kipimo kimoja, ungali na maji. Angalia ncha zake, angalia kama umenyooka ukiutazama kwa jicho moja toka mwisho mpaka mwisho. Kama muuzaji hawezi kujibu swali la kwanza na la pili, nenda depo ingine. Kama hakuna depo inayoweza kujibu, basi eucalyptus ya mkulima unayemjua ni bora kuliko libuyu ya mtu usiyemjua.